Barua ya wazi kwa magavana 47 na mawaziri wao wa afya: kabla mtuletee kadi ingine, someni habari za Tommy Douglas

Waheshimiwa magavana, mawaziri wa afya wa kaunti zote, na nyinyi wakubwa wa wizara ya afya mnaokaa Afya House pale Nairobi,

Hamjambo. Mimi ni mwananchi tu wa kawaida, nakatwa ile 2.75% yangu ya bima ya afya kila mwezi kabla hata mshahara haujaingia kwa simu, na sijaandika kuwatusi maana matusi mmeshayapata ya kutosha na sioni kama yamewanyima usingizi. Nimeandika niwaeleze habari za mtu mmoja. Ni mzungu, tena wa zamani, alifariki 1986, na najua kuna mtu hapo ashaanza kunung'unika ati tunaletewa wazungu tena. Subirini kidogo. Huyu hakuwa rais, alikuwa mwanasiasa wa mkoa vile nyinyi mko wa kaunti, na mkoa wenyewe ulikuwa maskini, una madeni, watu wake wengi wakulima wa ngano waliopigwa na ukame miaka ya 1930 mpaka upepo ukabeba udongo wa mashamba ukaenda nao. Alipopata kile kiti kikubwa cha mkoa, wizara aliyojishikia mwenyewe ilikuwa ya afya. Hapo ndio nataka tuongee.

Anaitwa Thomas Clement Douglas, watu walimwita Tommy tu. Mkoa ni Saskatchewan, huko Kanada.

Alizaliwa Falkirk, Uskoti, mwaka 1904, wazazi wakahamia Winnipeg akiwa bado mdogo. Kabla wahame alianguka akaumia goti, jeraha likaingia mpaka kwa mfupa likawa ugonjwa wa usaha usioisha. Kufika Winnipeg mguu ukamrudia vibaya, akalazwa, na baba yake alikuwa fundi wa kiwandani hana pesa za daktari bingwa, ikafika mahali wakaambiwa mguu ukatwe tu. Sasa bahati ikapitisha hapo daktari bingwa wa mifupa, akamwangalia yule kijana akaona hii kesi inaweza kunisaidia kufundisha wanafunzi wangu, akawaambia wazazi nitamtibu bure bora mkubali wanafunzi waangalie. Mguu ukaokoka. Yule kijana mwaka 1922 akawa bingwa wa ngumi wa Manitoba, uzani mwepesi, akicheza kwa miguu yake yote miwili.

Mtu mwingine angetoa ushuhuda kanisani hapo, Mungu mkubwa, yakaisha. Douglas alimshukuru yule daktari lakini aliendelea kusema miaka yote ya siasa zake kwamba mtoto hafai kutegemea bahati ya aina hiyo ndio abaki na mguu wake, kwani ingekuwaje kama yule daktari hakupita siku hiyo? Na sisi si ndio tuko hapo mpaka saa hizi. Kila Mkenya yuko kwa grupu tatu nne za WhatsApp za kuchanga bili ya mtu, leo dialisisi, kesho mtoto njiti, kesho kutwa mzee kaanguka na bodaboda, na mkiangalia vizuri mtaona mwenye marafiki wengi wenye kazi ndio anafikisha, yule mama ambaye grupu yake ni ya watu kumi wote wanauza mboga anabaki na elfu nne mia mbili na hospitali imeshika kitambulisho cha mgonjwa. Mahakama Kuu ilishasema tangu 2015 kwamba kumzuia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya bili ni kinyume cha sheria, lakini nendeni mchana wowote kwa wodi zenu wenyewe muulize nani ameruhusiwa kwenda nyumbani na bado yuko.

Nirudi kwa mtu wangu. Alisomea uchungaji, akawa mhubiri wa Baptist kwa mji mdogo unaitwa Weyburn mwaka 1930, yaani alifika kazini wakati ule ule uchumi wa dunia umeanguka na mvua imegoma. Kazi ya mchungaji ni kuzika pia, na alizika vijana wenye watoto wadogo waliokufa kwa sababu daktari alikuwa mbali au pesa ya daktari haikuwepo. Akaingia siasa kwa chama kipya cha wakulima na wafanyakazi, CCF. Mwaka 1934 akagombea ubunge wa mkoa akaangushwa. Mwaka 1935 akagombea ule wa taifa akapita, akakaa Ottawa miaka kadhaa, 1942 akapewa uongozi wa chama mkoani, na Juni 1944 wakafagia viti 47 kati ya 52. 47, namba yenu hiyo waheshimiwa.

Alikuwa mtu mfupi, mchekeshaji kweli kweli. Husimuliwa kwamba siku moja alifika mkutano shambani hakuna jukwaa, akapanda juu ya mtambo wa kumwaga samadi, akawaambia watu leo ni mara yangu ya kwanza kuhutubia kutoka kwa jukwaa la chama cha Liberal, ndio wapinzani wake. Nyinyi pia mna maneno matamu majukwaani hilo hatuwanyimi, tofauti inaanza ukishamaliza kucheka ukauliza bajeti iko wapi.

Basi amekuwa waziri mkuu wa mkoa, anagawa wizara. Yeye ndiye mwenye kalamu, angeweza kumpa wizara ya afya mtu wa kumrudishia mkono wa kampeni, ama mtu wa ukoo fulani ndio hesabu zikae sawa, mnajua hizi hesabu kuniliko. Hakufanya hivo. Akajipa mwenyewe, akawa waziri mkuu na waziri wa afya kwa pamoja kuanzia 1944 mpaka 1949. Miaka mitano. Maana yake ni kwamba wakati wa kugawana pesa kwenye baraza la mawaziri, mtu wa afya ndiye huyo huyo mwenye kiti, hakuna wa kumwambia ngoja mwaka ujao. Na hospitali ikikosa kitu hakuna wa kusukumiwa lawama, hakuna ile ya "nimemwagiza waziri wangu anipe ripoti ndani ya siku saba". Ripoti gani, na waziri ni wewe.

Sisemi gavana ajiteue kuwa waziri wa afya, najua jina linapelekwa bunge la kaunti kupigwa msasa na mambo mengine. Nasema hivi: tangu afya iwe ya kaunti mwaka 2013, ni wangapi kati yenu wanaweza kutaja bila kuangalia karatasi hospitali yao kubwa inadai SHA, ile mamlaka ya bima ya afya, pesa ngapi leo? Ni kaunti ngapi zimebadilisha waziri wa afya mara tatu kwa kipindi kimoja? Waziri anakuja Januari, anajua milango ya ofisi Machi, Agosti amehamishwa kilimo, na aliyetoka kilimo ameletwa afya, anaanza kuuliza dawa zinanunuliwaga wapi.

Sasa alivyoifanya hiyo kazi, hapa mnisome pole pole kwa sababu hapa ndio kuna nyama.

Jambo la kwanza alimwita mtu anayejua. Henry Sigerist, profesa wa historia ya udaktari kutoka chuo cha Johns Hopkins Marekani, akaja kuzunguka mkoa na kundi dogo wakati ule ule wa 1944, na ripoti ikatoka kwa muda wa wiki, wiki jamani, ikasema anzeni hapa, fuateni hapa. Haikuwekwa kabatini. Januari 1945 wazee wa pensheni na wajane maskini na wengine wasiojiweza wakaanza kutibiwa bure, pamoja na dawa. Wagonjwa wa saratani na wa akili nao wakaingizwa. Mwaka 1946 ikaanza ndege ya wagonjwa ya serikali ya mkoa kwa sababu huko ni mbali na baridi inafunga barabara, na ndege hiyo haikuwa ya kubeba wakubwa kwenda mazishi.

Alafu akajaribu kwanza sehemu moja. Eneo linaitwa Swift Current, kusini magharibi ya mkoa, watu wenyewe walipiga kura wakakubali kujitoza kodi, na Julai 1946 wakaanza mpango ambao daktari na hospitali vyote vinalipwa na mfuko wa pamoja, kila mtu ndani. Watu walisema madaktari watatoroka. Wakaongezeka! Kwa nini, kwa sababu daktari wa kijijini enzi zile alikuwa analipwa kuku na kuni, na miaka mingine halipwi kabisa, sasa mfuko unamlipa kila mwezi kwa wakati. Hakuna siri ingine. Daktari anayelipwa kwa wakati anakaa.

Sisi pia tulijaribu, msidhani nimesahau. Desemba 2018, Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos, watu wakapewa kadi za matibabu, wagonjwa wakajaa hospitali mpaka wa kaunti jirani wakawa wanavuka mpaka, ile ikawa ndio ushahidi kwamba watu wanaumwa nyumbani kwa kukosa pesa na si kwa kupenda mitishamba. Ikaisha kimya kimya. Tuliyoyajifunza pale yako wapi? Nani aliyaandika kwa lugha ambayo mama wa Isiolo anaweza kusoma? Ile Swift Current yao iliendelea kufanya kazi miaka na miaka, ndio ikawa kila mtu akibishana anaambiwa panda gari nenda ukaangalie.

Tarehe 1 Januari 1947 ndio akaleta bima ya hospitali kwa mkoa wote. Dola 5 kwa mtu kwa mwaka, na familia hata iwe na watoto kumi haivuki dola 30. Ukilazwa, mfuko unalipa. Angalieni vile hiyo namba ni rahisi. Mkulima anaijua kichwani, jirani yake anaijua, hakuna kuingia kwa simu kujibu maswali ati nyumba yako ina paa la nini, unapikia nini, una mbuzi wangapi, alafu sistimu ikuambie wewe mwenye kibanda unafaa kulipa kuliko mwalimu. Na hiyo dola 5 haikutosha bili zote, serikali ya mkoa iliongezea kutoka kwa kodi, hilo lilisemwa wazi wala halikufichwa ndani ya kurasa za kanuni.

Hapa kwetu ile bima ya zamani ya NHIF, iliyokuwepo tangu 1966, mliivunja mkaleta SHA tarehe 1 Oktoba 2024. Mahakama Kuu Julai ilikuwa imesema sheria zenyewe ni kinyume cha katiba, mahakama ya rufaa ikasimamisha huo uamuzi Septemba, wiki mbili hazijaisha ndio haya twendeni. Siku za kwanza wagonjwa wa figo na saratani walikaa kwa mabenchi wakiambiwa sistimu haijafunguka. Mtu wa dialisisi! Huyo hana wiki ya kusubiri sistimu. Kwenye karatasi mpango wenu si mbaya, nasema ukweli, asilimia ile ile kwa wenye mshahara wote hata kwa tajiri ambaye kwa NHIF alikuwa anaishia 1,700, shilingi 300 kwa mwezi kwa wa chini kabisa, mfuko wa zahanati unaolipwa na serikali, hiyo yote inafanana na mawazo ya Douglas mwenyewe. Lakini mlianza kuhamia kabla nyumba haijaezekwa, na asiye na mshahara mkamwambia alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, mtu ambaye unga ananunua wa kupima. Baadaye ndio mkakumbuka kuleta mkopo wa lipa pole pole. Waliojisajili ni wengi, wanaolipa ni wachache, na mnashangaa.

Yeye alingoja, hiyo ndio sehemu ya maisha yake inayonishinda kuelewa kila nikiisoma, kwa sababu mwanasiasa hangoji. Tangu 1944 watu wake walitaka bima ya daktari pia, siyo ya kitanda peke yake, na alikuwa ameahidi. Akawaambia pesa haijafika. Mweka hazina wake Clarence Fines alikuwa mtu wa hesabu kali, wakawa wanaleta bajeti yenye ziada mwaka baada ya mwaka, madeni ya mkoa yakapungua, umeme ukapelekwa mashambani, hospitali ya chuo kikuu ikafunguliwa Saskatoon 1955 ndio madaktari wafundishwe nyumbani. Kisha serikali ya taifa ikapitisha sheria 1957 ya kulipia mikoa karibu nusu ya gharama za hospitali, pesa zikaanza kuja 1958, na hapo ndio mkoa ukabaki na nafasi kwenye bajeti. Desemba 1959 akaingia redioni akatangaza sasa ndio wakati. Miaka 15 tangu apewe kiti. Na akataja masharti yenyewe hapo hapo hewani: watu walipe mapema kabla ya kuugua, kila mtu awe ndani, matibabu yawe ya kiwango, msimamizi awe wa umma, na mpango ukubalike kwa anayetibiwa na kwa anayetibu.

Hilo la mwisho ndilo lilimpiga chini.

Madaktari walikataa. Uchaguzi wa 1960 chama chao kikachanga pesa kikafanya kampeni kama chama cha siasa, watu wakaambiwa serikali itawaletea madaktari takataka kutoka nje na siri zenu za mwili zitasomwa na makarani. Douglas akashinda tena. Lakini hapa ndio siwezi kumsafisha: mwaka 1961 chama kipya cha taifa, NDP, kikamchagua kiongozi, na Novemba akaondoka mkoani kwenda siasa za Ottawa, sheria ndio inapita mwezi huo huo, moto haujawaka vizuri. Akamwachia Woodrow Lloyd, mwalimu, mtu mkimya asiyejua kuchekesha. Mei 1962 Lloyd akaenda mwenyewe kwa mkutano wa madaktari karibu 600 kule Regina, akaongea nao, na mwenyekiti alipouliza nani hatafanya kazi chini ya hii sheria karibu ukumbi mzima ukasimama. Fikirieni umesimama hapo mbele. Tarehe 1 Julai mpango ukaanza na madaktari wakafunga kliniki siku hiyo hiyo.

Siku 23. Serikali ikaleta madaktari kutoka Uingereza, wananchi wakafungua kliniki zao za jamii, wapinzani wakaandamana mpaka kwa jengo la bunge wakitarajia makumi ya maelfu wakajikuta elfu chache tu. Bwana mmoja daktari na mwanasiasa kutoka Uingereza, Lord Taylor, akaenda kuwa mpatanishi, akawa anatembea kati ya pande mbili maana hawakutaka kukaa chumba kimoja, na 23 Julai wakatia sahihi Saskatoon. Madaktari wakabaki kulipwa kwa kila mgonjwa wanayemtibu badala ya kuwa waajiriwa wa serikali, na serikali ikabaki na mfuko wake na kila mtu ndani. Kila upande ulimeza kitu kichungu. Lloyd hakupata sherehe, 1964 aliangushwa, na aliyemwangusha, Ross Thatcher wa Liberal, hakuthubutu kuufuta mpango, alikuja kuweka tu ada za juu juu 1968 ambazo nazo zilifutwa 1971. Binafsi nikiulizwa shujaa wa ile Julai ni nani nitamtaja Lloyd kwanza, jina ambalo nje ya mkoa wake karibu hakuna anayelijua.

Na Douglas mwenyewe alilipa. Juni 1962, wiki mbili kabla ya mgomo, aligombea ubunge wa taifa Regina, mji ambao ndio makao ya serikali aliyoiongoza miaka 17, na watu wa Regina wakamkataa wakiwa na hasira na hofu ya madaktari. Ikabidi atafutiwe kiti mkoa mwingine, British Columbia, ndio akarudi bungeni Oktoba. Sasa nyinyi mkiambiwa uamuzi fulani utawapotezea kura tatu kwa wadi moja mnauita "haujafika wakati wake".

Wacha niseme na doa lingine, mtu asije akasema namuuza kama malaika. Mwaka 1933 alipokuwa anasoma shahada ya pili aliandika tasnifu akitetea mambo ya kuzuia watu waliodhaniwa dhaifu wa akili wasizae, fikra chafu zilizokuwa fasheni kwa wasomi wengi enzi hizo. Ni aibu na imeandikwa. Alipokuwa waziri wa afya, mwenye mamlaka juu ya hospitali za wagonjwa wa akili na uwezo wa kuifanya hiyo fikra kuwa sheria, aliikataa, pesa akapeleka kwa matibabu yao. Ninachokiangalia mimi ni kwamba alipata madaraka akawa bora kuliko karatasi zake, wengine wetu tumeona kinyume chake, manifesto tamu na ofisi chungu.

Yaliyofuata mnayajua au mnaweza kuyasoma wenyewe: sheria ya taifa 1966 ya kueneza mpango huo, mikoa yote imeingia kufikia 1972, ile sheria kuu ya afya 1984, na 2004 Wakanada wakapiga kura kwa televisheni yao ya taifa wakamchagua yeye kuwa Mkanada mkuu kuliko wote, wakiwaacha mawaziri wakuu wa nchi nzima na wacheza hoki wao. Mhubiri na waziri wa afya wa mkoa wa ngano. Kanada yenyewe leo si peponi, foleni za daktari bingwa ni ndefu, na meno na dawa za dukani kwa miaka mingi viliachwa nje ya mpango, ndugu zetu walioko huko wanalalamika kila siku. Lakini hawachangishi harambee ili mtoto atoke wodini.

Kuna mmoja wenu atasema mgomo wao si kama wetu. Ni kweli na afadhali useme, kwa sababu tofauti yenyewe inawaumbua. Kule madaktari waligoma wakiogopa mpango wa serikali. Hapa madaktari wanagoma wakidai mlichotia sahihi wenyewe. Siku 100 kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi 2017. Mwaka huo huo wauguzi karibu miezi mitano. Siku 56 mwaka 2024, na vijana wa intanshipu wakiwa katikati wakibishaniwa mishahara kama bei ya nyanya. Saskatchewan ilimaliza yake kwa siku 23 kwa sababu kulikuwa na mpatanishi aliyetembea, waziri mkuu aliyelisimamia mwenyewe, na sahihi ambayo ilimaanisha sahihi. Nyinyi mnapeleka barua za vitisho, alafu mahakamani, alafu mnaunda kamati, alafu mnatia sahihi, alafu baada ya mwaka tunarudi palepale kwa sababu Nairobi inasema ni ya kaunti na kaunti inasema ni ya Nairobi, na mgonjwa hajui hata mpaka wa hizo serikali mbili unapita wapi, yeye anajua mlango wa hospitali umefungwa.

Kwa hivyo naomba, na hapa naongea na kila gavana peke yake, sio baraza lenu.

Chagua waziri wa afya anayejua kazi na umwache hapo kipindi kizima akosee arekebishe. Kama ni lazima umtoe, simama mwenyewe utuambie alikosea nini.

Bandika ukutani, kwa lango la kila hospitali ya level 4 na level 5, kila mwezi: SHA inadaiwa pesa ngapi na hii hospitali, imelipa ngapi, na hospitali imetumia kwa nini. Ile sheria ya 2023 ya kuacha hospitali zibaki na mapato yao tunaijua, tunataka kuona mapato yakibaki. Karatasi moja na gundi, hamhitaji sistimu ya mabilioni kwa hilo.

Na nyinyi wa Afya House, tafuteni kaunti moja, moja tu, iliyo tayari, watu wake waulizwe kwanza, mlipie kila mtu pamoja na mama mboga na mchungaji mbuzi, dawa ziwe kwenye rafu, madaktari walipwe tarehe 28, mfanye hivyo miaka mitatu bila kuhamisha mtu na bila kukata utepe, alafu mtuonyeshe vitabu vya hesabu. Isiolo ama Taita Taveta ama Vihiga, sijali ni wapi. Tukiona, tutapanda matatu twende kuangalia wenyewe.

Mchango wa asiye na mshahara uwe namba moja inayokumbukika na alipe kwa mwezi ama kwa wiki vile anavyopata, na yule asiyeweza kabisa serikali imlipie bila kumpigisha magoti. Douglas alianza na wazee na wajane mwaka wa kwanza kabisa, nyinyi mnawaweka kwa sentensi ya mwisho ya hotuba.

Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kaunti yangu nitakuwa nimekaa pale juu kwa wananchi nikisikiliza ukurasa wa afya ukisomwa, na nawaomba wanaosoma hii barua kwa kaunti zile zingine 46 waende pia, mwingie na kalamu, muandike gavana alikuwepo ama alituma mtu.

Wenu,
mlipaji mmoja wa 2.75%